Namba ya Mama wa Dutwa

Nimekuwa karani wa wakili hapa Bariadi tangu kabla mji haujawa makao ya mkoa. Kabla ya hapo nilikuwa katekista, na sijaacha kabisa. Jumapili bado nafundisha watoto wa komunyo ya kwanza. Nawafundisha mizizi ya dhambi, na wivu ni mmojawapo. Nilidhani kuufundisha kunatosha.

Kwa miaka mingi karatasi za wateja zilipita mikononi mwangu. Nilizitia kwenye mkoba wa ngozi, nikapanda basi hadi Dutwa au Kalemela, nikamkabidhi mhusika mwenyewe na kumsomea kwa Kisukuma. Sikupoteza hata moja. Kila jioni nilimshukuru Mungu kwa hilo, labda kwa kirefu kuliko ilivyopasa.

Kisha wakili akaleta binti mmoja aliyesomea mambo ya ofisi Mwanza. Akaingiza majalada yote kwenye kompyuta, kila moja na neno lake la siri. Utaratibu wake ulikuwa huu: faili linatumwa kwenye simu ya mteja, lakini neno la siri halifuati njia hiyo hiyo. Anampigia mteja, anamuuliza jambo ambalo mteja peke yake analijua, akiridhika ndipo anamtajia kwa mdomo. Na kazi ya kutuma ikawa yake. Mimi nilibaki kusoma na kutafsiri.

Wateja walimpenda. Hilo ndilo lililonichoma. Kisukuma chake kilikuwa cha kuombea maji, lakini wazee wa rika langu walipita mbele ya meza yangu wakamwendea yeye.

Miongoni mwao alikuwa mama mmoja mjane wa Dutwa. Shemeji yake alitaka kumnyang'anya shamba aliloachiwa na mumewe, na kesi ilikuwa kwenye baraza la ardhi. Tegemeo lake lilikuwa mzee jirani aliyeshiriki kupanda mikonge ya mpaka. Jina la mzee huyo lilikuwa ndani ya maelezo ya mama, na upande wa pili ulikuwa haujalijua. Mimi ndiye niliyemsomea mama maelezo hayo kwa Kisukuma, kwa hiyo neno la siri nilikuwa nalo.

Siku moja ya mnada aliingia ofisini.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu mama kwa Kisukuma, nikamvutia kiti.

"Mwangaluka, baba. Binti yangu yuko wapi?"

Binti yangu! Nilimwonyesha kwa kidevu. Waliongea, wakacheka. Alipoondoka mama, binti akaniambia, "Baba, ile namba ya mama iliyoko kwenye daftari tusiitumie kwanza. Sina uhakika simu ni ya nani."

"Namba hiyo niliiandika mimi," nikamjibu.

"Najua, baba. Ndiyo maana nakuambia wewe."

Nilisikia kama nimepigwa kofi. Usiku ule nilisali rozari, na katika matendo yote matano nilimfikiria huyo binti.

Wiki iliyofuata yeye na wakili walikwenda mahakamani Maswa. Saa nne asubuhi simu ya ofisi ikaita, namba ile ile ya kwenye daftari. Sauti ya mwanaume, yenye adabu.

"Shikamoo mzee. Mama anaomba atumiwe maelezo yake, asomewe tena kabla ya baraza."

"Marahaba. Yeye mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko shambani, anavuna pamba. Ametutuma."

Ningeweza kusema subiri. Lakini niliona picha ya mama akija kushukuru, na binti akisikia kwamba kazi imefanywa na mzee, bila maswali mengi. Nikatuma faili. Chini yake nikaandika neno la siri.

Siku tatu baadaye yule mzee jirani, shahidi wa mama, akaanza kuumwa mgongo. Akatuma ujumbe kwamba hataweza kufika barazani, na kwamba mambo ya mikonge ni ya zamani, amesahau.

Binti alimpigia mama kupitia simu ya mwalimu jirani yake. Alipoikata akageuka kwangu. "Ile namba ni ya shemeji yake. Ndiye aliyemleta hapa siku ya kwanza kwa mambo ya mirathi, kabla hawajagombana. Baba, ulimtumia?"

Nilikumbuka siku ile. Shemeji ndiye aliyenitajia namba, nami nikaiandika kwa mwandiko mzuri.

"Nilimtumia," nikasema. "Na neno la siri pia."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Nilimweleza wakili, kisha nikapanda basi hadi Dutwa kumwambia mama mwenyewe. Alikuwa akichambua pamba uani. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kazi.

"Ulitaka nini, katekista?" akauliza.

"Nilitaka unishukuru mimi."

Akanitazama sana. "Watu wazima mna mambo," akasema, akajifunga khanga na kuondoka kwenda kwa yule mzee jirani. Sikualikwa. Nilikaa pale na marundo ya pamba, nikisali.

Sijui walizungumza nini. Najua kwamba siku ya baraza mgongo ulipona, mzee akasimama na fimbo yake akaeleza mikonge mmoja mmoja, na shamba likabaki kwa mama.

Siku chache baadaye mama alikuja ofisini na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu.

"Huyu ni wa binti yangu," akasema mlangoni.

"Mama, sasa nitamweka wapi?" binti akacheka. Alikuwa katikati ya kutuma faili la mteja mwingine, simu sikioni, anamuuliza maswali yake. "Baba, nisaidie kidogo."

Nilimpokea yule jogoo. Alikuwa mzito, wa kufugwa vizuri. Mama akaketi kwenye kiti karibu na binti, akinisahau. Nasema kweli mbele ya Mungu: moyo uliniuma vile vile kama siku ya mnada. Nimekwisha kuungama, nimekwisha kutubu, na bado uliuma. Nilimshukuru Mungu kwa shamba la mama, nikamshikilia jogoo wa mwenzangu kifuani, nikangoja amalize kazi yake.