Hoteli Mbali na Nyumba ya Mwana

Bae Malsun hakuwahi kuketi katika nyumba ya mtu kabla hajafungua friji. Iwe kwa jirani, iwe kwa dada yake, iwe hata msibani, alivua viatu mlangoni, akasalimia, akapita moja kwa moja hadi jikoni na kufungua. Hakuwa akitafuta chakula. Alitazama tu, kama daktari anavyotazama ulimi wa mgonjwa, kisha akafunga, na tayari alikuwa amejua: huyu amegombana na mumewe, huyu mwanawe amerudi nyumbani, huyu anaumwa na hataki kusema. Watu wa Haenam, kwao kusini mwa Korea, walimcheka, lakini wapo waliokuwa wakisafisha friji zao kila waliposikia anakuja.

Mkamwana wake, Yunhui, aliifahamu tabia hiyo tangu juma la kwanza la ndoa yake. Malsun alipanda basi kutoka kusini hadi Seoul, akaingia kwenye fleti ya maharusi huko Nowon, ghorofa ya kumi na moja, akafungua friji na kuifunga. Juma lililofuata wabeba mizigo wawili walifika na friji ya kimchi, ile ya kuhifadhia kabichi za pilipili mwaka mzima, yenye droo tatu kubwa. Kwa desturi, vyombo vya namna hiyo huletwa na upande wa bibi harusi. Yunhui alifiwa na mama yake akiwa na miaka tisa, na baba yake hakujua mambo ya friji. Alipompigia mama mkwe kumshukuru, huku akilia kidogo, Malsun alimjibu kwamba asiye na mama hanunui friji mwenyewe, kisha akakata simu kwa kuwa alikuwa shambani.

Basi katika mambo yote yaliyompata Yunhui mwaka ule, lililomchoma zaidi ni kwamba friji hiyo haikuwapo tena.

Duka la kuku wa kukaanga la mumewe, Sangdo, lilikufa wakati wa machipuko. Waliuza fleti ya Nowon wakahamia upande wa pili wa jiji, Bongcheon, kwenye chumba kilichojengwa juu ya paa la jengo la ghorofa nne. Kipande cha mwisho cha ngazi kilikuwa cha chuma, chembamba, na friji haikuweza kupita. Mnunuzi wa vyombo vikuukuu aliichukua siku ileile. Yunhui aliifuta mara mbili kabla haijabebwa, ndani na nje, ingawa aliyekuja kuichukua alimwambia asijisumbue.

Sangdo alikuwa na sharti moja tu: mama asijue. Malsun alibaki mjane akiwa na miaka thelathini na minne, na majira ya baridi zaidi ya ishirini alikata kabichi kwenye upepo wa bahari ili mwanawe huyu wa kiume wa pekee asome Seoul. Nitamwambia tukishasimama, alisema Sangdo, na Yunhui alikubali, kwa sababu naye hakutaka kuwa yeye wa kumwambia kuhusu friji. Malsun alipotaka kutuma vifurushi vya mchele na mboga, walimpa anwani ya duka la kurekebisha nguo alikokuwa ameajiriwa Yunhui. Mchana nyumbani hakuna mtu, walimwambia. Akasema sawa.

Mwezi wa Novemba Malsun alikuwa anatimiza miaka sabini. Wazee wenzake walipelekwa na watoto wao kisiwani Jeju kuona machungwa na kupigwa picha. Yeye alipoulizwa anataka kwenda wapi, alisema anataka kwenda Seoul. Amewahi kufika mara mbili tu, juma lile la arusi na mjukuu wake Darae alipozaliwa, na zote mbili hakuona kitu. Sangdo alimuuliza anataka kuona nini hasa.

"Nataka kuona mnavyokula," alisema mama yake.

Ndipo Yunhui alipoanza kazi ya kutafuta hoteli. Kwa wiki tatu, katikati ya suruali moja na nyingine, alifungua ramani kwenye simu yake na kuisogeza kwa kidole. Watu huchagua hoteli kwa kuuliza iko karibu na nini. Yeye aliuliza iko mbali na nini. Karibu na stendi ya mabasi kulikuwa na hoteli safi, na mzee mwenye magoti mabovu angeshuka basi na kufika kitandani kwa hatua mia mbili. Lakini kutoka pale treni ya chini ya ardhi huenda Nowon moja kwa moja, bila kubadilisha, na Malsun angesema twendeni tu tukawasalimie majirani. Kusini mwa jiji kulikuwa na bei nzuri, lakini Darae, mwenye miaka saba, angeliona basi lao la Bongcheon na kulinyooshea kidole. Mwishowe akachagua Jongno, kwenye majumba ya wafalme na soko kuu, ambako kutoka hapo kwenda Nowon ni kubadilisha treni na kupanda ngazi ndefu. Pazuri pa kumchosha mtu kwa vitu vya kutazama. Alipobonyeza kuthibitisha vyumba viwili, aliona aibu kana kwamba ameiba.

Uongo uliosalia ulikuwa mwepesi. Jengo lao linabadilisha lifti, mwezi mzima. Ghorofa ya kumi na moja, na mama na magoti yake. Jambo hilo hutokea kila siku kwenye majengo ya zamani, na Malsun aliliamini, au alisema ameliamini. Dada yake Sangdo, Migyeong, mwenye saluni huko Haenam na mdomo usiolala, ndiye aliyempigia simu Yunhui.

"Wifi, naambiwa hoteli. Mama ana mtoto huko Seoul au ana wakala wa utalii?"

Yunhui alirudia habari ya lifti. Migyeong alicheka, akasema haya, mradi kuna kifungua kinywa.

Malsun na Migyeong walifika Jumamosi adhuhuri. Malsun alishuka kwenye basi polepole, upande mmoja kwanza kisha mwingine, amevaa koti la zambarau alilonunuliwa na binti yake, akamkumbatia mjukuu, halafu akageuka kumwelekeza dereva kwenye sehemu ya mizigo. Yakatoka madebe manne ya plastiki yaliyofungwa kwa vitambaa. Kabichi ya mwaka ule, imetiwa chumvi na pilipili siku tatu zilizopita.

Yunhui aliyahesabu madebe. Alikuwa amemwomba kabisa kwamba kimchi akitume kwa kampuni ya vifurushi, dukani, asijibebeshe. Malsun alikuwa amesema sawa. Lakini sawa ya Malsun ilikuwa neno la kumalizia simu tu.

Hotelini, kabla hajavua koti, mama mkwe alienda kwenye friji. Ilikuwa ndogo kama kabati la viatu. Ndani mlikuwa na chupa mbili za maji.

"Wenyeji wa hapa wanaumwa sana," alisema, na Migyeong akacheka hadi akakaa kitandani.

Madebe yalipangwa chini ya dirisha. Chumba kilikuwa na joto, kimchi bado kichanga, na kufikia asubuhi ya Jumapili vifuniko vilikuwa vimevimba na harufu ya kitunguu saumu na dagaa wa chumvi imetoka hadi kwenye korido. Msichana wa mapokezi alikuja kuuliza, kwa adabu nyingi na macho yakitazama zulia, kama kuna kitu wanaweza kuwasaidia kukihifadhi. Malsun aliona aibu, jambo ambalo Yunhui hakuwahi kuliona. Akasema kimchi kiende nyumbani sasa hivi, kwenye friji yake.

Migyeong akasimama akakunja mikono ya sweta.

"Nipeni namba ya mlango. Magoti yangu mazima, na sina mume wa kuniuliza nimechelewa wapi. Ghorofa kumi na moja ni nini? Napanda nikiimba."

Darae alimtazama mama yake. Yunhui alitazama madebe. Sangdo aliinuka haraka mno, karibu aangushe kiti, akasema hapana dada, wewe ni mgeni, hiyo ni kazi yangu. Alishusha madebe mawili mawili, akaita teksi, akaondoka. Wanawake wakabaki kunywa chai, na Migyeong akawa anasimulia habari za wateja wake, na Yunhui akawa anacheka pale panapostahili.

Sangdo alirudi baada ya saa mbili. Malsun alimpa maji, akamwacha anywe yote.

"Yameingia?" aliuliza.

"Yote, mama. Yameingia vizuri."

"Yote manne?"

"Yote manne."

"Vizuri," alisema Malsun.

Friji ile ilikuwa na droo tatu, debe moja kila droo. Aliyeinunua alilijua hilo, na aliyeifuta mara mbili alilijua. Sangdo, ambaye katika miaka tisa hakuwahi kupanga kimchi kwa mkono wake, hakulijua. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini hawasemi jinsi anayemsikiliza anavyoweza kumwacha aendelee kuitembea. Yunhui alimtazama mama mkwe, na mama mkwe alikuwa anamkunjia Darae kola ya koti lake.

Walikwenda kwenye jumba la mfalme. Magoti ya Malsun yalikataa baada ya lango la pili, basi akakaa kwenye benchi na mjukuu wake, na wengine wakaambiwa waendelee, wasipoteze tiketi. Yunhui alipita kumbi zile bila kuona hata moja. Aliporudi alimtuma Darae kwa baba yake akaketi mahali pake, karibu kabisa na koti la zambarau, akingoja kuulizwa. Alikuwa ameamua kwamba akiulizwa atasema yote, duka, paa, ngazi za chuma, friji. Alitamani aulizwe. Malsun alitazama wasichana waliokodi mavazi ya kifalme wakipigana picha.

"Hoteli umeichagua vizuri, mama Darae," alisema. "Hapa hapiti mtu anayetujua."

Yunhui hakujua kama ni sifa au ni kisu. Akajibu ndiyo mama, na maneno mengine yote yakarudi tumboni.

Jumatatu waliwasindikiza kwenye basi. Walipokuwa kwenye treni kurudi Bongcheon, Yunhui aliinama akamuuliza mwanawe, kwa upole ili asimtishe, kama alimwambia bibi lolote kuhusu nyumba.

"Sikusema chochote. Ulinikataza," alisema Darae. "Bibi aliniuliza tu nguo tunaanika wapi."

Sangdo aligeuza uso.

"Ukamwambiaje?" aliuliza baba yake.

"Kwenye kamba, nje. Nikamwambia kuna upepo mpaka soksi ya baba iliruka ikamwangukia mzee wa chini kichwani. Bibi alicheka sana."

Kule Nowon, kama katika kila fleti, nguo huanikwa ndani, kwenye kibaraza chenye vioo. Hakuna soksi inayoruka ghorofa ya kumi na moja.

Majira yale ya baridi Yunhui aliishi kama mtu aliyeandikiwa barua ambayo haijafika. Kimchi alikiweka nje, nyuma ya chumba upande usio na jua, na kiliganda na kuyeyuka na kuganda tena. Malsun alipiga simu kila Jumapili kama siku zote. Aliuliza kikohozi cha mtoto, akauliza kama kimchi kimeanza uchachu, akalaumu serikali kwa bei ya kabichi. Hakuuliza kuhusu lifti. Sangdo alisema basi, hajui, mtoto ni mtoto tu, na aliposema hivyo sauti yake ilikuwa ya kuomba. Yunhui alimwona akizidi kukonda juu ya pikipiki ya kupeleka chakula, akamwonea huruma, akanyamaza. Jumapili moja ya Januari, Sangdo akiwa kazini, hakuweza tena. Alianza kusema, mama, kuna jambo, na upande wa pili Malsun akamkatiza kwamba maji yake yanachemka, wataongea.

Hawakuongea. Wiki ilipita, nyingine ikapita. Akajisemea kwamba mtu anayekataa kuambiwa amekwisha kuhukumu, na kwamba aliyemnunulia friji asiye na mama sasa anajuta.

Mwishoni mwa Februari, lori la vifurushi lilishusha dukani sanduku ambalo watu wawili walilibeba kwa shida. Ndani, ndani ya blanketi kuukuu, mlikuwa na mtungi wa udongo wa kahawia, mzito, mdomo mpana, na pembeni yake matofali matano ya soya iliyochemshwa, kupondwa na kukaushwa, kila moja limefungwa kwa nyasi za mpunga, na mfuko wa chumvi ya bahari. Ulikuwa mwezi wa kutia soya kwenye maji ya chumvi. Malsun alikuwa akitengeneza mchuzi wa soya na kuwatumia kwenye chupa, miaka yote. Hakuwahi kumpa mkamwana mtungi.

Yunhui alitoka nje ya duka akampigia simu. Hakujua, na angejuaje, kwamba siku nne baadaye jirani angemkuta Malsun ameketi kwenye tuta la vitunguu saumu, jembe liko mapajani, amepumzika kabisa. Kwenye simu alikuwa na sauti yake ya kawaida, ya mtu aliyeitwa kutoka kazini. Alieleza vipimo: chumvi hadi yai lielee na kuonyesha kipande kidogo cha gamba, makaa mawili, pilipili kavu tatu, siku arobaini asiguse. Yunhui aliandika nyuma ya kadi ya duka. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayekanyaga barafu, mtungi mkubwa namna hii auweke wapi.

Upande wa pili ulisikika upepo wa kule.

"Uuweke hapo mnapoanika nguo," alisema Malsun. "Uufunue asubuhi, uufunike kabla jua halijashuka. Soya inataka jua na upepo, mama Darae, na nyinyi mnavyo. Wenye fleti hawana."