Kashindye Hakubali Nyasi Zikapimiwe Mbeya

Saa tatu na robo asubuhi, ndege ndogo inapita chinichini juu ya tambarare za Usangu, na Kashindye Nkuba hainui hata uso kuitazama. Amechutama kando ya fremu ya mbao, mita moja kila upande, na kwa mundu anakata nyasi zote zilizomo hadi usawa wa udongo. Anazitia kwenye mfuko wa plastiki, anaufunga kwa kamba na kuutundika kwenye mizani ya ndoana.

"Gramu mia nne na kumi," anasema. "Ndugu Lutengano, njoo usome mwenyewe. Usije ukasema nimekudanganya."

Anania Lutengano, mtaalamu wa mradi mmoja wa malisho, anasogea, anasoma, anaandika. Wiki tatu zilizopita hakuna kibarua ambaye angemwita hivyo, na mimi nimefunga safari kutoka Iringa ili kumwona huyo aliyethubutu.

Kashindye ana miaka thelathini na sita. Alikuja Usangu mwaka 1972 kutoka Maswa, pamoja na mumewe Shija, watoto wawili, wa kwanza akiitwa Budeba, na ng'ombe. Sasa watoto ni wanne na ng'ombe ni mia moja na kumi.

Kazi yake haina makuu, lakini bila yeye ndege ile inachoma mafuta bure. Inapiga picha kwa filamu ya pekee, ambayo majani mabichi hutokea mekundu na yaliyokauka hufifia. Ila picha haisemi wekundu ule una maji kiasi gani. Lazima mtu akate nyasi siku hiyohiyo, azipime zikiwa mbichi, kisha zikaushwe kwenye tanuri huko Mbeya na kupimwa tena. Uzito uliopungua ndio maji. Tarakimu hiyo ndiyo inayotumika kusoma picha za bonde zima.

Mwezi Mei mambo yaliharibika. Mizani iliachwa ofisini Mbeya, eti isivunjike njiani. Nyasi zikatiwa kwenye magunia, zikapanda juu ya Landrova, zikasafiri saa tano juani. Huko ndiko zilikopimwa, zikahesabiwa kuwa mbichi.

"Mbichi wapi!" Kashindye anacheka kwa hasira. "Zilinyauka njiani mimi nikiziona. Nilikuwa nimekaa juu yake!"

Matokeo yakasema bonde limekauka. Ikaja barua: mifugo yote iondoke kabla ya mwisho wa Agosti.

"Iende wapi?" anauliza, mundu ukiwa hewani. "Tumetoka kaskazini kwa miguu, ndama wametufia njiani. Leo gunia la nyasi zilizonyauka ndilo litufukuze? Thubutu!"

Fomu za vipimo zilitakiwa kuwa na sahihi ya aliyekata. Kashindye, aliyeishia darasa la nne, alikataa. Akapanda lori hadi Mbeya, akaingia ofisini kwa Lutengano bila kualikwa.

"Nilikasirika, sifichi," anakiri Lutengano. "Nikamwambia, Mama Budeba, mimi nimeisomea kazi hii. Akanijibu, umesoma sawa, lakini hukukaa juu ya gunia."

Ukaidi huo una historia. Utotoni, Kashindye alikuwa akifuatana na baba yake kuuza pamba. Mnunuzi mmoja alisimama mbele ya mizani, mgongo kwa wakulima, akawatajia kilo alizotaka yeye. "Baba aliitikia tu, ndiyo bwana, ndiyo bwana. Nilimpenda baba yangu, lakini siku ile niliona aibu. Nikaapa sitaitikia namba nisiyoiona."

Alidai jaribio moja: mafungu mawili ya nyasi zilezile, gramu mia nne kila moja, yapimwe hapahapa. Moja lifungwe kwenye plastiki, jingine litiwe guniani, yote mawili yapande gari. La plastiki lilifika Mbeya na gramu zake mia nne. La gunia lilifika na gramu mia mbili na tisini.

"Nikawauliza, hizo mia na kumi ziko wapi? Nimezila mimi?"

Barua ikasimamishwa hadi vipimo virudiwe, na leo ndiyo siku ya mwisho. Si wote waliofurahi. Wapo ofisini wanaosema mama huyu anatetea ng'ombe zake.

"Natetea, ndiyo! Kuna ubaya gani? Lakini mizani haijui ng'ombe ni za nani."

Viwanja kumi na tisa vimekwisha pimwa, na kati ya vile ambavyo nyasi zake zimekwisha kaushwa Mbeya, karibu vyote vina maji ya kutosha. Cha ishirini kimeangukia, kwa mujibu wa ramani, upande anakochungia Shija. Kashindye anaweka fremu. Nyasi zinavunjika mkononi. Hatua tatu pembeni kuna kichaka cha kijani, na Lutengano, naona kabisa, ameinama kufunga kamba za viatu vyake. Anazifunga muda mrefu mno.

Kashindye anamtazama, anasonya, anakata palepale ramani ilipoonyesha.

"Gramu tisini. Andika."

"Mama Budeba, hapa si ndipo mnapochungia..."

"Andika, nimesema! Nisimame na mimi mbele ya mizani kama yule wa pamba?"

Lutengano anaandika. Kisha anamweleza kwamba kiwanja kimoja hakitabadili habari ya bonde. Barua ya kuwaondoa wafugaji haina tena msingi, naye ataripoti hivyo Jumatatu. Upande huu tu ndio utakaofungwa hadi mvua zinyeshe.

Kashindye anajifuta uso kwa ncha ya khanga. Kesho, anasema, atahamisha ng'ombe wao kabla ya kupewa amri, wakalishwe upande wa jirani yao Mihayo. Na anataka mizani ibaki Usangu moja kwa moja, isirudi tena kukaa ofisini.

Namuuliza kama Shija atakubali kuhama.

"Atabisha sana," anasema, akiubeba mfuko wenye gramu tisini kuupeleka nyumbani kwanza, mumewe auone. "Abishe tu. Mizani ninayo, aje apime."