Hereni Nilizozikuta Kwenye Koti la Mume Wangu

Jamani, aibu hii ni yangu na siikatai, na pale kanisani mpaka leo kuna wanaonipita wakishika masikio yao wakicheka. Mimi ni mtu wa wivu. Wivu wangu ulipanda ndege pamoja nami kutoka Uvira mpaka hapa Buffalo, na haukulipiwa mzigo.

Mume wangu, Baba Furaha, yuko kiwandani Tonawanda, na tangu majani yaanze kubadilika rangi, kila Jumamosi asubuhi alikuwa anatoka na Kamau, Mkenya wa Amherst tunayesali naye, eti wanakwenda kuvua kwenye vijito vya milimani. Bon, nenda. Lakini akirudi hana samaki! Jumamosi ya kwanza hana, ya pili hana, ya tano hana, na anatabasamu peke yake. (Baba yangu alikuwa mvuvi, mwanaume aliyekosa samaki anarudi amenuna.) Nikimwuliza, ananijibu amewarudisha majini. Nani amewahi kusikia uongo kama huo?

Ijumaa moja nikapekua koti lake, nikakuta kikopo, na ndani hereni mbili ndogo za manyoya ya kijani na uzi wa dhahabu, kila moja na kindoano chake cha kupitisha sikioni. Roho iliniuma. Miaka kumi na minne ya ndoa hajaninunulia hata hereni za plastiki! Nikanyamaza, nikaamua nitazivaa mimi, nimfuate, huyo mwanamke azione kwenye masikio yangu. Uamuzi huo mdogo ndio ulioniponza, maana nilimpigia Mama Neema wa kwaya, mwenye gari, naye akawaambia wawili wengine, kesho yake tukawa wamama wanne wa vitenge ndani ya gari lake, tukilifuata la Kamau kwa mbali, tukapita Lackawanna, tukapanda vilima zaidi ya saa nzima.

Kijito chenyewe kilikuwa kimepungua mpaka huruma, maji ya vifundo vya miguu, unaona kila jiwe. Wazungu watatu wanavua kimya, wameinama kama wezi wa kuku. Mume wangu amepiga magoti, Kamau kando yake. Mwanamke hakuna. Nikasema moyoni, amejificha huyo, nikaingia majini na viatu vyangu vya ibada nikipiga kelele, "Mwenye hereni hizi yuko wapi? Atoke!" nikateleza, nikakaa chwaa katikati ya kijito. Samaki wote walikimbia, nadhani wengine walifika Lackawanna kabla yetu.

Kamau akaja kunishika mkono, akanitazama masikio. "Mama Furaha, pole sana, lakini hizo si earrings. Ni chambo cha manyoya. Nilimtengenezea mzee wako wiki jana."

Nikavuta kwa haraka nizitoe. Ya kushoto ikatoka. Ya kulia ikagoma, kumbe ndoano ina jino la kumzuia samaki asichomoke, na samaki wa siku ile nilikuwa mimi. Mzungu mmoja akanishika kichwa, mume wangu akaleta koleo, Mama Neema akainua simu (alisema anamulika tu).

"Donc, uliwaza niko na mwanamke?" Baba Furaha akaniuliza taratibu.

"Basi samaki iko wapi?"

"Nilikuambia, tunawarudisha. Mayi ya kijito iko kidogo, tukibeba wote watakwisha." Kisha akasema, "Juu ya nini haukuniuliza habari ya mwanamke?"

"Niliogopa utasema ndiyo."

Ndoano ikatoka, akashusha koleo. Akanishika shavu kwa mkono wenye maji baridi.

Tangu siku ile nimeapa kwamba cha mfukoni mwa mume sikivai, na swali likiniwasha naliuliza nyumbani, tukiwa wawili, kabla sijaiamsha kwaya nzima. Juzi nimejaribu, jikoni, kwa sauti ya upole kabisa: kati yangu na kile kijito, unapenda nani zaidi?

Akafikiria kwanza. Jamani, alifikiria muda mrefu!