Ampli-op Niliyoichagua Bila Gita

Mi ni fundi wa redio katika mtaa wa Mutakura. Shule niliiacha darasa la tano, kwa hiyo kwenye vitabu vya umeme natazama michoro na namba, maneno naruka. Lakini sikio ninalo. Wapiga gita wa makanisa huniletea pedali zao, vile visanduku wanavyokanyaga ili kubadilisha sauti, nami nazitoa ule mlio wa shiii unaosikika hata kabla hawajagusa uzi mmoja.

Mlio huo mara nyingi unatoka kwenye ampli-op, kile kidude cheusi cha miguu minane kinachokuza sauti ndogo ya gita. Ziko za kila aina. Nyingine zimetulia, nyingine zinachemka kama mafuta kwenye kikaango. Kazi ni kujua kuchagua.

Ijumaa moja alirudi kwangu mpiga gita wa kanisa la Wakongomani, mtu wa Uvira, mpole kupita kiasi. Pedali yake nilikuwa nimeitengeneza Jumatatu.

“Papa fundi, inalia.”

“Apana. Nilisikiliza mi mwenyewe.”

“Inalia, papa. Mchungaji akiomba, mi napiga polepole chini yake, hapo njo inazidi. Shemasi amesema Jumapili hii ikilia tena, nishuke jukwaani. Kinanda kitatosha.”

Alisema hivyo akitazama vidole vyake. Alivuka mpaka na gita hiyo mgongoni, na kanisani ndipo mahali pekee hapa mjini ambapo mtu anamngojea. Akishushwa, basi.

Damu ilinipanda. Nilikuwa nimejaribu ampli-op sita kwa ajili yake. Naziba mlango wa pedali kwa kipande cha waya ili kisiingie kitu, nafungua sauti ya ampli, lile sanduku la kukuza sauti, hadi mwisho, naweka sikio kwenye bafle, spika yake. Yenye namba 5532 ilinyamaza kuliko zote, nikaiweka hiyo.

Natumia waya sababu sina gita. Nilikuwa nayo. Jirani tuliyepakana naye ukuta ndiye aliyeichukua siku zile za fujo, yeye na wenzake wawili, mimi nimelala juu ya dari namwona kwenye tundu. Jina lake siandiki, lakini akisoma hapa atajijua: leo anauza mchanga na kokoto, na kila asubuhi ananiamkia kama vile hakuna kitu. Mimi nilipona. Dada yangu hakupona. Tangu hapo, kitu kikiharibika, sitafuti sababu. Natafuta mtu.

Na mtu nilimpata upesi: mwenye duka wa mtaa wa Buyenzi aliyeniuzia ampli-op hiyo. Habari za ampli-op bandia tunazijua sote, wanakwangua namba ya zamani na kuandika nyingine. Nikamwambia mpiga gita abebe gita yake, twende.

Mwenye duka ni mzee wa Kiislamu, mzaliwa wa palepale. Duka lilikuwa limejaa mafundi. Sikusalimia.

“We mwizi! Umeniuzia bandia, na mutu atafukuzwa sababu yako.”

Mzee akavua miwani, akaifuta.

“Astaghfirullah. Hata salamu hakuna? Haya, leta.”

Alichovya pamba kwenye dawa ya kutoa rangi ya kucha, akausugua mgongo wa ampli-op. Namba haikutoka: haikuwa bandia. Akaziba mlango wa pedali kwa waya, kama mimi. Kimya. Kisha akachomeka gita. Shiii. Mpiga gita akapunguza sauti ya gita hadi katikati, kama anavyofanya wakati wa maombi, na mlio ukapanda zaidi.

“Kwako ulijaribu na gita gani?”

“Na waya.”

“Na waya!” Fundi wa simu aliyekaa mlangoni alijipiga paja. “Papa, we unampimia mutu kiatu akiwa hayupo!”

Wakacheka wote. Mzee hakucheka, na hilo liliniuma zaidi.

“Hii ni nzuri, fundi, ukiipa chombo chenye nguvu. Gita ni dhaifu. Ndani yake kuna waya mwembamba, mrefu, umezungushwa na kuzungushwa. Ampli-op hii inatetemesha umeme kidogo mlangoni mwake, na ukikutana na waya wote ule unakuwa makelele; kitufe cha sauti cha gita kikiwa katikati kinaongeza kizuizi, na makelele yanazidi. Kipande chako kifupi hakikuweza kukuonyesha.”

Akaweka ampli-op nyingine, TL072, ile ile niliyoikataa Jumatatu. Kwa waya ilikuwa na mlio kweli, sikuwa nimekosea. Kwa gita ikatulia, hata sauti ilipokuwa katikati.

Nilitafuta mle dukani mtu wa kumlaumu.

“Nisamehe, mzee,” nikasema, mbele ya hao hao waliosikia neno mwizi.

“Kwanza nisalimie.”

Nikamsalimia.

Jumapili nilisimama mlangoni pa kanisa lao. Sikuwa na hakika. Dukani umeme ni mwingine, kanisani mwingine, na ampli yao imeshafunguliwa na kila mtu. Mchungaji akaanza kuomba. Mkono wa mpiga gita ukashuka kwenye kitufe cha sauti, ukakizungusha hadi katikati. Shemasi akaondoka kwenye kiti chake, akaenda kuinama mbele ya bafle, sikio karibu kabisa, kama mtu anayetafuta panya. Alikaa hapo muda mrefu.

Kisha akamgeukia mpiga gita na kuinua kiganja juu: ongeza kidogo, kule nyuma hawasikii.