Folda ya Risiti za Maji

Kompyuta yangu ya zamani ilikuwa imefika umri wa kusaidiwa kuinuka. Ukiiwasha asubuhi, utachemsha chai, utainywa na kikombe utakiosha, ndipo ikuulize neno la siri. Fundi mmoja hapa mjini Malindi akaniambia mfumo wake umeshaachwa na walioutengeneza, bora ninunue nyingine kabla haijanifia mikononi. Nikanunua. Kilichobaki ni kuhamisha vitu, na hapo ndipo nilipojitia kitanzi mwenyewe.

Vitu vyenyewe vilikuwa kwenye hadidiski ya nje, kisanduku cheusi cha kiganjani nilichokivika soksi ya mtoto ili hewa yetu ya chumvi isikile. Ndani mlikuwa na mitihani ya miaka yote ya ualimu wangu, barua, na picha za safari za shule. Mlikuwa pia na folda moja iliyoitwa Risiti za Maji. Haikuwa na risiti hata moja.

Ilikuwa na video ya kupamba kwa mdogo wangu. Asiyezijua arusi zetu nimweleze: siku ya kupamba ni ya wanawake peke yao. Mabuibui huvuliwa mlangoni, nywele huachwa wazi, na watu wazima wenye heshima zao hufunga leso kiunoni wakacheza chakacha. Hakuna mwanamume anayeona, kwa hivyo hakuna picha inayotoka nje. Mimi ndiye niliyepewa kamera, na mimi ndiye niliyesimama mlangoni na kikapu cha kukusanya simu za wageni. Nilizikusanya kwa raha zangu zote, sifichi. Mama yangu, ambaye maisha yake yote akiona kamera huvuta buibui hadi puani, siku ile alisimama katikati ya ukumbi akaimba. Aliimba na kucheza dakika kumi na moja, huku akicheka, nami nikazinasa zote, kamera nimeitega juu ya meza. Miaka miwili baadaye alifariki. Hatukuwa na picha nyingine yake akicheka.

Ndiyo sababu ya lile jina. Kompyuta ya mwalimu huguswa na kila mtu. Leo kaka yangu ataka kuchapa barua, kesho walimu wenzangu wanaume wataka mitihani ya zamani. Nani atahangaika kufungua risiti za maji? Mdogo wangu, bibi arusi mwenyewe, aliolewa Kilifi kwenye nyumba yenye mashemeji wanne, akaogopa kukaa na nakala. "Dada, niwekee wewe," aliniambia. Nikamwekea. Kila akija kwangu tulifunga mlango tukamtazama Mama. Wiki ile akanipigia simu: binti yake ameanza kuuliza bibi yake alikuwaje, basi Ijumaa watakuja, tumwonyeshe.

Jumatatu nikapeleka kisanduku kwa fundi. Ni mtu wa bara, mpole, mwenye subira kuliko mimi. Akanieleza kwamba mfumo mpya hautakubali kuandika kwenye kisanduku kile kilivyo. Atahamishia vitu vyangu kwenye kompyuta mpya, kisha atakifomati kisanduku, yaani atakifuta chote, halafu arudishe nakala. Nikaitikia kama mtu aliyeelewa. Akaanza kupitia folda moja moja, akizisoma kwa sauti.

"Mwalimu, hii Risiti za Maji ni kubwa kuliko zote. Maji gani haya? Nifungue tuone?"

Nyuma yangu walikuwa wamesimama wanaume watatu, mmoja wao mzee wa msikiti wetu, aliyeleta simu yake kutengenezwa. Nilimwona ameinua macho kukitazama kile kioo. 

"Usifungue!" nikasema kwa sauti yangu ya darasani. "Ni takataka hiyo."

"Basi nisiihamishe?"

"Nimesema ni takataka."

Nilichokuwa nikiwaza ni kwamba itabaki mle kisandukuni, nije kuihamisha mwenyewe nyumbani, mlango umefungwa. Kwamba kisanduku kitafutwa nilikuwa nimeambiwa dakika tano tu nyuma. Lakini hofu ikikukalia masikioni, husikii.

Jumatano nikaifungua kompyuta mpya. Mitihani ipo, barua zipo, hata picha ya basi la shule lililokwama matopeni ipo. Nikachomeka kisanduku nikatafuta huko. Nikatafuta tena. Kisha nikavaa buibui nikarudi dukani karibu nikikimbia.

Fundi alijaribu kila alijualo. Akaniambia programu yake ya kuokoa vilivyofutwa itamlazimu afungue kila kitakachotoka, ili ajue ni nini.

"Fungua," nikamwambia. "Fungua, tazama, usijali."

Siku hiyo ningekubali mji mzima umwone Mama akicheza, mradi nimwone na mimi. Nilikaa pale tangu adhuhuri hadi alasiri. Kilichotoka ni vipande vya mtihani wa Jiografia. Nakala alizorudisha zilikuwa zimelala juu ya mahali alipokuwa Mama.

"Pole sana, Mwalimu," akasema. "Nilidhani ni takataka, vile ulivyosema."

Hakuwa na ubaya. Nililia njia nzima, kwa sababu ni kweli nilisema, tena mara mbili, mbele za watu.

Nikampigia mdogo wangu. Nilipomaliza kumweleza akasema, "Muulize wifi."

Wifi yetu ni mke wa kaka, anakaa Matsangoni. Siku ile ya kupamba nilimfuma ameficha simu ndani ya leso, anarekodi. Nilimpokonya, nikaifuta ile video mbele ya kadamnasi, nikamtoa akakae uani na viatu vya wageni. Tangu siku hiyo salamu yake kwangu haikuzidi maneno matatu.

"Nimuulize nini? Nilifuta kwa mkono wangu!"

"Enda tu, Dada."

Alhamisi nikaenda. Nilimkuta barazani akichambua mchicha. Alinipa kiti, akaniletea maji, kisha akarudi kwenye mchicha wake. Nikamwambia yote. Nikamwomba radhi kwa siku ile, jambo ambalo lilinishinda kwa miaka, na sasa nilikuwa nalifanya kwa shida yangu. Aliniacha nikamaliza.

"Simu ina jaa lake, wifi," akasema. "Kilichofutwa hukaa humo siku kadhaa kabla hakijapotea. Mama nilimrudisha jioni ileile."

"Na miaka yote hii hukuniambia?"

"Ningekwambia si ungenifutia tena?" Akajifuta mikono. "Nishabadilisha simu tatu. Kila nikihama, yeye ndiye nimhamishaye kwanza."

Tukaingia ndani, akafunga mlango, akaizima sauti ya simu ili nje wasisikie. Sekunde arubaini tu, na pembeni ukingo wa leso umeziba. Lakini ni yeye. Aligeuka, akaiona ile simu, wala hakujifunika. Alicheka, akaja kwayo akicheza. Nilimkumbatia wifi yangu kwa nguvu hata akalalamika, kisha akanitumia nakala.

Ijumaa mdogo wangu akaja na binti yake. Tulifunga mlango, tukamkalisha mtoto katikati yetu, na safari hii nikafungua na sauti. Alimwona bibi yake akija akicheza, akafurahi. Mama alipofungua kinywa kuimba, hakusikika. Iliyosikika ni sauti nyingine, kali, imefunika kila kitu: "Nani huyo ana simu? Weka chini! Weka chini nasema!" Midomo ya Mama ikaendelea kwenda mpaka video ikakatika.

Mtoto akatugeukia. "Nani huyo anampigia Bibi kelele?"



"Ni mimi," nikamwambia.