Majivu kwenye Njia ya Shangazi Paskalina

Nilipokuwa mtoto, kaya ya bibi yangu pale Kalenga ilikuwa na vyoo viwili, jambo ambalo serikali ililisifia kwa maandishi. Bwana Afya alikuja na baiskeli na daftari lake, akavihesabu, akarudia kuhesabu kwa kutoamini macho yake, kisha akampa bibi mkono kama anampongeza mama wa bi harusi. Baada ya wiki mbili tukaletewa cheti chenye muhuri: Kaya ya Mfano. Bibi alikitundika chini ya picha ya Bikira Maria, akakitazama bila kutabasamu. Bwana Afya hakuuliza kwa nini watu watatu wanahitaji vyoo viwili. Daftari lake halikuwa na safu ya swali hilo.

Choo cha pili kilikuwa cha shangazi Paskalina.

Shangazi alikuwa dada wa baba, mtoto wa mwisho wa bibi. Aliolewa Mbeya, na kutoka Mbeya akarudishwa na sanduku moja na tumbo lililokataa kutulia. Lilikuja na kuondoka. Mwezi huu mzima kabisa, mwezi unaofuata anakwenda chooni mara kumi kwa siku, na damu juu yake. Mumewe alisema amerogwa. Mawifi walisema mchawi ni yeye, na uchawi umemgeukia. Bibi hakukubali hata moja kati ya hayo. Alikuwa na imani yake mwenyewe, aliyoachiwa na mama yake. Tumbo la damu, alisema, hukaa kwenye nyayo. Mgonjwa akipita huuangusha ugonjwa njiani, na atakayekanyaga alipokanyaga yeye anauokota.

"Ukiikanyaga njia yake, utaifuata," aliniambia, akinishika sikio ili neno lisidondoke.

Kwa hiyo kila asubuhi, akishafagia uwanja, alichota majivu jikoni na kuyamwaga kukata ile njia iliyotoka nyuma ya jiko kwenda kwenye mianzi ya kugema pombe ya ulanzi, kilipokuwa kijumba cha shangazi na choo chake. Majivu yalikuwa na kazi mbili: kuuzuia ugonjwa usivuke, na kuonyesha nani amevuka. Siku hizi nafanya kazi masjala, kwenye ofisi ya umma, nami nayatambua yalikuwa nini. Lilikuwa daftari la kuingia na kutoka, na lilijazwa kwa uaminifu kuliko letu.

Sipendi mtu amchukie bibi kwa hadithi hii. Uji wa ulezi ukiiva, bakuli la kwanza lilikuwa la Paskalina. Bibi alilitua ukingoni mwa majivu, akarudi nyuma hatua tatu, akaita, "Paskalina, mwanangu, uji." Halafu aliingia jikoni kupuliza moto uliokuwa unawaka vizuri, ili machozi yake yapate moshi wa kusingiziwa.

Mimi niliishi naye kwa sababu wazazi wangu walikuwa Makambako wakihangaika na duka. Nilipewa kazi ya kupukuchua maharage, nami nilipeleka ungo wangu karibu na majivu, upande wetu. Shangazi alitoka na kigoda chake akakaa upande wake.

"Vero, habari za huko kwenye kaya ya mfano?"

"Nzuri, shangazi. Huko je?"

"Huku nasi ni kaya ya mfano, ila cheti tumenyimwa. Wamesema tuandike barua."

Nilicheka mpaka maharage yakamwagika. Yeye hakucheka sana. Kicheko kilimuumiza tumbo.

Jumapili moja bibi alikwenda misa, mimi nikaachwa kulinda chungu. Nikasikia shangazi akiita. "Vero, niletee maji, mwanangu. Weka hapohapo kwenye majivu." Nikaweka kopo, nikasubiri. Hakuja. Nikachungulia kati ya mianzi, nikaona miguu yake imelala mlangoni mwa choo, nyayo zikitazama juu.

Nilikuwa na miaka minane. Niliitazama ile miguu, nikayatazama majivu, na sioni aibu kusema kwamba nilianza na majivu. Kisha nikavuka.

Alikuwa mwepesi kama mzigo wa mabua. Nilimvuta hadi kwenye mkeka wake, nikamnawisha, nikamsafisha kwa upande wa khanga. Aliweka kichwa mapajani mwangu, akafumba macho. "Mikono yako ya moto," alisema. Sikuelewa ni sifa au lawama. Sasa naelewa kwamba ilikuwa taarifa tu: tangu arudi, hakuna aliyemgusa.

Kengele ya kutoka kanisani ilipolia aligutuka. "Rudi kwenu, haraka." Nilivyovuka kurudi, nyayo zangu zikabaki pale kwenye majivu, ndogo, zenye vidole vyote vitano, kwenda na kurudi. Shangazi alijivuta kwa magoti hadi pale, akazifuta kwa kiganja, akaushika mwanzi, akasimama, akaziweka zake juu.

Bibi akafika na rozari mkononi. "Nani amevuka?"

"Mimi, mama. Nilitaka kaa la moto."

"Unataka kuniulia mtoto, Paskalina? Huyu mmoja niliyeachiwa?"

Shangazi aliinamisha kichwa, wala hakunitazama. Nilisimama na kopo langu, mdomo umejaa maneno, sikutoa hata moja.

Kuanzia siku ile majivu yalimwagwa mistari miwili. Nami, badala ya kumsogelea aliyenifichia siri, niliogopa nilichokiokota. Niliuhamishia ungo wangu mbele ya nyumba. Shangazi aliendelea kuita kutoka kwenye mianzi, "Habari za kaya ya mfano?" Mwanzo nilijibu kwa mbali. Baadaye nikaacha kujibu. Akaita siku chache, naye akaacha.

Alikufa mwezi wa sita, kwenye baridi ile ya kwetu inayovunja vidole. Bibi aliweka uji, akaita mara tatu. Ulipoganda juu na kufanya ngozi, bibi alivuka majivu yake mwenyewe akikimbia.

Mimi nilianza kutoka damu nikiwa na miaka ishirini na tisa, niko kazini Mbeya.

Sikuhitaji daktari aniambie, bibi alishasema. Nilificha miezi saba. Niliacha kula na wenzangu, nikaacha kusafiri, nikakipima kila chumba kwa umbali wake hadi chooni. Hakuna aliyenimwagia majivu, niliyamwaga mwenyewe. Hatimaye nikaanguka ngazini, nikapelekwa hospitali, nikafanyiwa kipimo cha kamera. Daktari, kijana mpole, alisema ni vidonda vya utumbo mpana, ugonjwa wa kuishi nao: hauambukizi, dawa ni za kila siku. Akauliza kama kuna mwingine kwenye ukoo. Nikasema, "Shangazi." Ulikuwa mwaka wa ishirini na ngapi sijalitamka neno hilo.

Ofisini nilipewa fomu ya mapumziko. Penye aina ya ugonjwa niliandika "wa kudumu." Chini yake kulikuwa na nafasi: tarehe ya kupona. Nikaiacha wazi, fomu ikarudishwa kwa kutokamilika. Nikaandika tarehe ya kustaafu kwangu, ikapokelewa.

Ni muuguzi wa kliniki aliyenielekeza kwenye mabenchi ya nyuma ya jengo. Kila Alhamisi ya kliniki wagonjwa sita wa matumbo kama langu walikaa pale wakisubiri dawa, wakazoeana, wakawa kikundi bila katiba wala katibu. Siku ya kwanza nilikaa mwisho kabisa, karibu na mlango wa choo, peke yangu, ili nisimsumbue mtu.

"Dada, umekaa kiti changu," alisema mzee mmoja mwenye kofia ya pama. "Hapo pana foleni. Wote sisi tunapataka hapo."

Wakacheka, wakasogea wote upande wangu. Mzee huyo ni Masanja, analima mpunga Madibira. Watu wake walishuka Usangu na ng'ombe kutoka kaskazini. Alitusimulia alivyoitwa kwenye kamati ya maji. Tumbo lilimkimbiza kwenye majani ya mifereji mara nane kila asubuhi, majirani wakasema anafungulia maji ya watu wakiwa bado usingizini.

"Katibu ameshaandika kwenye muhtasari, mjumbe anashukiwa wizi," alisema. "Nikasimama. Nikawaambia, ndugu zangu, mimi maji siibi. Mimi maji nayatoa."

Nilicheka mpaka nikashika tumbo, likauma, na pale nikamsikia shangazi. Nikaanza kulia mbele ya watu nisiowajua majina. Hawakuuliza. Masanja alinipa kofia yake nijifunike uso.

Kikundi hicho kinapigiana simu asubuhi. "Leo ngapi?" Unataja idadi ya safari zako, basi. Ukitaja kubwa, kuna mtu atakuja na uji. Nilipolazwa mara ya pili, niliamka nikakuta watatu wamekaa kitandani mwangu wakibishana kuhusu bei ya nyanya. Ndipo siku moja nikawasimulia habari za majivu. Masanja alivua kofia yake, akaiweka magotini.

"Bibi yupo?"

"Yupo, mzee sana."

"Basi nenda. Uje utuambie."

Nilikwenda. Bibi alikuwa barazani, amekuwa mdogo, cheti kikiwa bado ukutani. Mianzi ilikuwa imekimeza kile choo. Tulisalimiana kamwene, kamwene, nikaleta chakula, nikamwekea yeye sahani yake na mimi yangu. Kisha nikasema, "Bibi, siku ile aliyevuka majivu nilikuwa mimi."

"Najua. Majivu yalikupanda hadi magotini."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakuangalia." Alipapasa ukingo wa sahani. "Kila ulipokwenda chooni nilihesabu. Mwaka mzima, na mwingine. Hukuumwa. Ndipo nikajua yale majivu hayakuwa na kazi. Na yeye nilikuwa nimeshamzika."

Nilikuwa na dawa zangu mkobani. Niliona kwamba nikimwambia naumwa, nitakuwa nimempa ruhusa ya kulala usingizi: kumbe majivu yalikuwa sahihi. Nikimficha, nitakuwa nimesimama tena na kopo langu. Nikamwambia. Nikamwambia na alichosema daktari, kwamba ugonjwa haupiti kwenye nyayo, kwamba huenda ni wa ukoo, na kwamba hata wao madaktari hawajui vizuri.

"Si nyayo?"

"Si nyayo, bibi. Angekaa nasi tu."

Bibi alikivuta kigoda chake, akakisogeza hadi magoti yetu yakagusana, akaisukuma sahani yake pembeni. Akanyoosha mkono, akamega tonge kutoka upande wangu, pale nilipokuwa nimeshamega, akachovya kwenye mboga yangu, akala. Akamega la pili, akanilisha.

Nilifungua mdomo nikalipokea. Halikuwa langu, na sote wawili tulijua la nani.