Jipu la Mama Koku

Hii sijawahi kuisimulia bila kujifunika uso, ila chekeni tu, maana hata mgonjwa mwenyewe alicheka kuliko wote.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu Dar mwaka uleule, daktari wa mafunzo katika hospitali moja hapa Mwanza, nabishia kila kitu (hata mpishi nilimbishia kuhusu chumvi). Asubuhi moja Mzee Masanja, mpiga eksirei wetu, akaniletea picha ya kichwa cha Mama Koku, mama wa Kihaya anayeuza ndizi Kirumba, aliyelazwa kwa homa na kichwa kinachomgonga tangu aanguke na mkungu. Nikaiinua dirishani. Juu kidogo ya sikio palikuwa na duara safi, ukingo mweupe, katikati peusi. Sasa mimi juzi tu nilikuwa nimeona kwenye jarida picha ya mashine mpya ya Ulaya, na jipu la ubongo lilikuwa hivyohivyo, kama pete.

"Jipu hili," nikasema.

"Ndugu Daktari, mashine yetu inaonyesha mfupa. Ubongo haiujui. Nenda kamtazame mama kwanza."

"Mzee, picha haidanganyi." (Mimi, mbishi wa kila kitu, siku hiyo picha sikuibishia.)

Wodi ilikuwa hatua ishirini, sikwenda. Nilikwenda kwa daktari wa upasuaji, nikamweleza kwa sauti ya mtu anayejua, naye akasema mtayarisheni, nakuja kumwona, basi muuguzi akachukua wembe na sabuni, mtu akatumwa apande kivuko cha Kamanga akamwite mumewe Sengerema, na wauza ndizi wenzake wakajaa mlangoni wakilia kwamba Mama Koku anatobolewa kichwa.

Ndipo nikaingia, picha mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Eti nina jipu kwenye ubongo?"

Nikaiinua picha ili wodi nzima ione elimu. Mama Koku akaikazia macho.

"Kata hiyo," akasema. "Kata yangu."

"Sawa mama, nakata," akajibu muuguzi, akapitisha wembe, na nywele za juu ya sikio zikaanguka kifuani.

"Wewe mtoto, nasema kata!" Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa kata yake ya kubebea mikungu, ya majani makavu ya mgomba, imezungushiwa waya wa shaba isifumuke. "Meza ya yule mzee ngumu kama jiwe. Alipokwenda kujificha nyuma ya ukuta wake, nikaiweka chini ya kichwa, nikailalia."

Daktari wa upasuaji alikuwa ameshafika mlangoni. Akaitazama kata, akaitazama picha, akanitazama mimi. "Hili jipu," akauliza kwa upole, "tulitoe kwa kisu au mama alitoe mwenyewe?"

Wauza ndizi walicheka mpaka wakakaa chini, Mama Koku akicheka huku ameshika upara wake mdogo. Damu ilipopimwa ilikuwa malaria, na mumewe alipofika akihema alimkuta anakunywa uji.

Mpaka leo nikipita Kirumba naitwa Daktari Kata. Naitika. Na siku hizi picha nazo nazibishia: kabla sijainua yoyote dirishani natembea kwanza zile hatua ishirini, nasalimia, kisha nauliza mgonjwa alilalia nini.